Ukiweka GB 16 za kumbukumbu pepe, hupati RAM ya GB 20

Swali la msomaji:

"Habari za kazi, fundi. Nina kompyuta mpakato ya nyumbani yenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 500. Windows 10 ya biti 64. Diski imegawanywa C na D. C ni GB 150 na imebaki GB 40, D imebaki GB 200. Nikifungua kivinjari chenye vichupo kumi na kitu, nikaongeza Excel na mkutano wa video, inaganda. Taa ya diski haizimi, kipanya kinasitasita, na wiki hii Windows imeniambia mara mbili kwamba kumbukumbu imepungua, nifunge programu. Rafiki mmoja anasema niongeze kumbukumbu pepe hadi GB 16, jumla nitakuwa na GB 20. Mwingine anasema niizime kabisa ndipo kompyuta itakuwa nyepesi. Wa tatu anashikilia kanuni ya RAM mara moja na nusu. Nilifungua Task Manager wakati imeganda nikakuta In use 3.6 GB, Committed 7.4/7.8 GB. Hiyo 7.8 haijawahi kubadilika. Nimsikilize nani?"

Jibu:

Salama kabisa, ndugu yangu. Hizo namba ulizoziandika mwishoni zimenirahisishia kazi. Wengi huandika "inaganda" wakanyamaza, nami nabaki kupiga ramli.

Kati ya hao watatu hakuna wa kumfuata. Wa kwanza ameigusa dawa kwa bahati, lakini sababu aliyokupa siyo. Unachokiona ni matatizo mawili yanayotokea kwa wakati mmoja, ndiyo maana yanaonekana ni moja. Lile la ujumbe wa kumbukumbu kupungua utalimaliza leo, dakika tano. Lile la kuganda halitaponywa na namba yoyote utakayoiandika kwenye kidirisha cha kumbukumbu pepe, na nitakueleza kwa nini.

Tuanze na hiyo 7.8 isiyosogea, maana ndiyo iliyonistua.

Namba ya kulia ya Committed ni jumla ya vitu viwili: RAM unayoitumia, na ukubwa wa faili liitwalo pagefile.sys ambalo Windows hulificha ndani ya C; hilo ndilo rafiki zako wanaloliita kumbukumbu pepe. RAM yako ya GB 4 huonekana kama 3.9 hivi, kwa sababu kipande kidogo huchukuliwa na maunzi, hasa sehemu ya picha. Toa 3.9 kwenye 7.8, unabaki na 3.9. Basi pagefile.sys yako ina GB 3.9. Sasa badilisha hiyo iwe megabaiti: GB moja ni MB 1,024, na ukigawa 4,000 kwa 1,024 unapata 3.9 na ushee. Niko tayari kuweka dau kwamba ukifungua mpangilio wako utakuta mtu ameandika 4000 kwenye kisanduku cha mwanzo na 4000 kwenye kisanduku cha mwisho. Huenda ni aliyekuwa na mashine hiyo kabla yako, huenda ni fundi aliyeiweka Windows, huenda ni moja ya zile programu zinazojitapa kuongeza kasi.

Nasema hivyo kwa sababu Windows ikiachiwa ijiamulie, haikai palepale. Deni likikaribia kikomo, hulinenepesha faili lenyewe. Kiwango cha juu ni RAM mara tatu au GB 4, chochote kilicho kikubwa, ilimradi isizidi moja ya nane ya sehemu ya diski lilipo faili. Kwako mara tatu ya RAM ni kama GB 12, na moja ya nane ya C ni zaidi ya GB 18, kwa hiyo lingeweza kufika karibu GB 12 na nafasi ipo. Wewe umekwama kwenye 3.9. Kuna mkono wa mtu hapo.

Nimetumia neno deni makusudi. Programu ikianza kazi huomba kumbukumbu, na mara nyingi huomba zaidi ya inayoitumia dakika ile. Kivinjari kinaweza kuomba MB 300 kwa ajili ya ukurasa mmoja kikagusa 180 tu. Windows inapokubali ombi hilo haikabidhi RAM palepale; inatoa ahadi kwamba siku programu itakapoigusa kumbukumbu ile, mahali pa kuiweka patakuwepo, iwe kwenye RAM au kwenye pagefile.sys. Jumla ya ahadi hizo ndiyo ile 7.4 yako. Uwezo wa kuzilipa ni 7.8. Windows ni mkopaji mwenye haya: haiahidi hata baiti moja ambayo haina pa kuiweka. Ikibakiza 0.4, kichupo kimoja chenye video kinatosha kuimaliza, na ombi linalofuata hukataliwa. Programu nyingi hazijaandikwa kustahimili kukataliwa. Zinajifunga, zinabaki dirisha jeupe, au unapata ule ujumbe ulioupata.

(Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kwa kawaida huenda kinyume: huahidi kuliko ilicho nacho ikitumaini wengi hawatakuja kudai. Wakija kudai wote kwa pamoja, huchagua programu moja na kuiua. Kila mtu na jinsi yake ya kuishi na madeni.)

Kwa hiyo huyo rafiki wa GB 16, ukimsikiliza, ujumbe utakoma. Hapo amepatia. Kosa lake ni ile "jumla ya GB 20". Ahadi zitatosha GB 20, lakini mahali pa kufanyia kazi patabaki GB 3.9 zilezile. Kichakataji hakisomi chochote moja kwa moja kutoka pagefile.sys. Kila kinachotakiwa lazima kwanza kirudishwe kwenye RAM, na RAM ikiwa imejaa, kitu kingine lazima kitoke.

Nikuonyeshe hilo likitokea kwenye mashine yako.

Umeacha kichupo cha kivinjari nusu saa, unahangaika na Excel. Kumbukumbu imegawanywa katika vipande vinavyoitwa kurasa, kila ukurasa baiti 4,096. Windows imeona kurasa za kichupo kile hazijaguswa muda mrefu, ikazitoa. Tangu Windows 10 hujaribu kwanza kuzibana zibaki ndani ya RAM zikiwa zimekunjwa, na kwenye Task Manager utaona kiasi cha zilizobanwa kimeandikwa kando ya In use. Lakini kwa RAM ya GB 4 mbano hauendi mbali, na nyingine zinaishia kwenye diski. Sasa unabofya kichupo. Kichakataji kinataka ukurasa, jedwali la anuani, yaani daftari la kila ukurasa uko wapi, linajibu kwamba haumo. Kazi ya programu inasimama. Ombi linakwenda diskini.

Diski ya kompyuta mpakato kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Mzunguko mmoja ni milisekunde 11, na kwa wastani utangoja nusu yake, karibu 5.6, mpaka eneo unalolitaka lipite chini ya kichwa cha kusomea. Kabla ya hapo kichwa chenyewe kimesogea kutafuta njia yake, kama milisekunde 12. Jumla 17 na ushee. Hiyo ni safari ya kuleta baiti 4,096. RAM hutoa kitu hichohicho kwa takriban nanosekunde 100. Ukigawa, diski yako ni ya taratibu zaidi ya mara laki moja na nusu.

Kwa mwendo huo diski inamudu safari 57 kwa sekunde. Tuseme kichupo chako kina MB 200 zilizotolewa: hizo ni kurasa 51,200. Zingeletwa mojamoja, ungengoja dakika 15. Haifiki huko, maana Windows huvuta kurasa za jirani kwa mkupuo na kichupo hakihitaji kurasa zake zote ili kionekane. Lakini sekunde 20, 30, hata dakika nzima ya kungoja unaifahamu mwenyewe. Na kila ukurasa unaoingia unafukuza mwingine, mara nyingi wa Excel au wa mkutano wa video ambao bado unatumika. Sekunde chache baadaye Excel nayo inadai zake. Kichwa cha diski kinakimbia huku na huku, taa haizimi, kichakataji kimekaa tu kinasubiri.

Hali hii ina umri. Kumbukumbu pepe ilianza kutumika kwenye kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, mwaka 1962, na kufikia 1968 mtaalamu wa kompyuta Peter Denning alikwisha kueleza kwa nini mashine inaweza kufika mahali ikawa inahamisha kurasa tu na kazi yenyewe haiendi. Mimi naiita kutapatapa. Alichokionyesha ni kwamba kila programu ina kundi la kurasa inazozihitaji kwa wakati mmoja ili isonge mbele. Makundi hayo yakienea ndani ya RAM, mambo ni shwari hata kama deni kwa jumla ni kubwa mno. Yasipoenea, hata pagefile.sys ya GB 100 haisaidii. Inakuwa tu na nafasi kubwa zaidi ya kutapatapia.

Sasa huyu wa kuzima. Ushauri wake unasikika una mantiki: diski ni ya taratibu, basi izuie Windows isiitumie. Nimekutana na matunda yake. Niliwahi kuletewa kompyuta ya mezani yenye RAM ya GB 8, mwenyewe akilalamika programu ya kuhariri picha inajifunga katikati ya kazi ilhali Task Manager inaonyesha GB 2 zimebaki tupu. Alikuwa amebadilisha programu mara tatu akidhani ni mbovu. Nilitazama Committed: 7.6/7.9. Hakukuwa na pagefile.sys. Zile GB 2 zilikuwa tupu kweli, lakini zilikwisha kuahidiwa kwa programu zilizoomba na ambazo zilikuwa hazijazigusa. Windows haikuwa na la kumpa mhariri wa picha. Nilirudisha tiki moja, nikaiwasha upya, ikawa mwisho wa kesi. Alinitazama kama nimemfanyia kiinimacho.

Tena kuzima hakukomeshi safari za diskini. Sehemu kubwa ya kilichomo kwenye RAM ni msimbo wa programu zenyewe, na huo haukuandikwa kwenye pagefile.sys hata siku moja. Uko kwenye mafaili ya programu. RAM ikibana, Windows huutupa msimbo huo na kuusoma tena ukihitajika. Ukizima pagefile.sys umeinyima Windows njia ya kuondoa takataka zilizolala, kwa mfano data ya programu uliyoifungua asubuhi ukaisahau, na umeilazimisha itupe msimbo unaotumika. Kwa RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, matokeo yake ni mabaya kuliko uliyonayo. Lingine ni dogo: siku utakapokutana na skrini ya bluu, Windows huandika rekodi ya ajali ikipitia faili hilo lililoko C. Bila hilo, fundi atakayekuja hatakuwa na pa kuanzia.

Wa tatu na kanuni yake ya mara moja na nusu, simlaumu. Tulifundishwa hivyo wengi. Kanuni ile ilikuwa na maana RAM ilipokuwa makumi machache ya megabaiti. Lakini itazame vizuri: inasema mwenye RAM nyingi awe na faili kubwa zaidi, na mwenye RAM kidogo awe na dogo. Ni kinyumenyume. Mwenye RAM ya GB 64 ataambiwa atenge GB 96, ambazo huenda asizitumie maisha. Wewe wa GB 4 utaambiwa GB 6, ambazo pengine hazikutoshi. Ukubwa unaokufaa unatokana na deni lako, na deni unalo mbele ya macho.

Fanya hivi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, Enter. Nenda kichupo cha "Advanced", kwenye eneo la "Performance" bofya "Settings", kisha "Advanced" tena, na chini kabisa kwenye "Virtual memory" bofya "Change". Juu kuna kisanduku cha "Automatically manage paging file size for all drives". Nina hakika hakina tiki. Kabla hujakitia, tazama hapo chini kama utaziona zile 4000 mbili. Tia tiki, OK, OK, halafu iwashe upya hata isipokuomba.

Ukiiwasha upya, chagua "Restart", siyo "Shut down" halafu kuwasha. Kwenye Windows 10, kuzima kwa kawaida huhifadhi kiini cha mfumo diskini na kukirudisha kilevile ukiwasha. Wapo watu wanaozima mashine kila usiku na bado kiini chao cha mfumo kina umri wa wiki tatu.

Baada ya hapo tumia kompyuta kama kawaida yako kwa wiki, na siku ile yenye kazi nzito kuliko zote tazama namba ya kushoto ya Committed. Namba ya kulia sasa itakuwa inapanda yenyewe. Kwa watu wengi hadithi inaishia hapa, na mimi mwenyewe kwenye mashine zangu nimeacha tiki hiyo ilipo.

Kwako wewe kuna sababu moja ya kwenda hatua zaidi, nayo ni diski ya kuzunguka. Faili likikua kidogokidogo kwenye diski iliyojaajaa, vipande vyake hutawanyika, na kichwa cha kusomea kinaongezewa matembezi. Mark Russinovich, mmoja wa watu wanaoijua Windows ndani na nje, aliwahi kutoa njia ninayoiona ya busara kuliko kanuni zote za kuzidisha RAM: chukua kilele cha deni, toa RAM, hicho ndicho kiwango cha chini, kiwango cha juu ni mara mbili yake. Tuseme kilele chako cha wiki ni GB 9.5. Toa 3.9, unabaki na 5.6, yaani kama MB 5,734. Ningetoa tiki ile, nikaandika 5800 kwenye kisanduku cha mwanzo na 11600 kwenye kisanduku cha mwisho. Faili linatengwa kwa mkupuo mmoja na halihitaji kukua kila siku, na siku ya dharura lina pa kupanukia. Visanduku vile ni vya megabaiti, kwa hiyo usiandike 6 ukimaanisha GB. Na ukishaandika bofya "Set" kabla ya OK. Usipoibofya, dirisha linafungwa kwa adabu zote na hakuna kilichobadilika. Kosa hili nimelifanya mimi, sembuse wewe.

Kuhusu D najua utauliza, maana ina GB 200 zimekaa bure. Usilihamishie huko. D yako na C yako ni diski moja: mabamba yaleyale yanayozunguka, vichwa vilevile vya kusomea vinavyosogea pamoja. Niliwahi kulihamisha kwenye mashine yangu ya zamani nikijiona mjanja, nikidhani nimegawa kazi kwa diski mbili. Kumbe nilikuwa nimeongeza umbali: Windows inasoma mafaili yake upande mmoja wa bamba, kumbukumbu iko upande mwingine, kichwa kinavuka katikati kila mara. Ikawa nzito zaidi, na ilinichukua muda kukiri kwamba niliyeharibu ni mimi. Kuhamisha kunasaidia tu pale diski ya pili ni kifaa kingine kabisa, tena chenye kasi kuliko cha kwanza. Kinachofaa kufanyiwa D ni kuhamishia picha na video zako huko ili C ipumue.

Kabla hujatumia hata senti, yapo mambo mawili ya bure yanayopunguza deni lenyewe. Kwenye Task Manager fungua orodha ya programu zinazoanza na Windows, uzime zile ambazo hujaziita mwenyewe. Kila moja inakopa tangu asubuhi. Pili, vivinjari vya siku hizi vina mpangilio wa kulaza vichupo visivyotumika. Uwashe, na upunguze viongezi. Kiongezi kimoja cha kuzuia matangazo kinajilipia, vitano vya kupamba havilipi. Ukiwa na mkutano wa video, funga vichupo vya video kwanza.

Programu za "kusafisha RAM" zikae mbali nawe. Zinachofanya ni kuzilazimisha programu zako ziachie kurasa zao kwa pamoja, namba ya In use inashuka ukafurahi, halafu sekunde inayofuata zote zinaanza kudai kurasa zao tena. Zile zilizokwisha kuandikwa diskini zinarudi kwa ile safari ya milisekunde 17. Na ile hila ya kuchomeka flashi ya USB iwe msaada wa kumbukumbu, iliyokuja na Windows Vista, imepitwa na wakati. Iruke.

Ukitaka kujua kwa hakika kama kuganda kwako ni kutapatapa na si kitu kingine, fungua Resource Monitor, kichupo cha "Memory", utazame safu ya "Hard Faults/sec" wakati imeganda. Hizo ni mara ambazo ukurasa ulitakiwa ukabidi uletwe kutoka diskini. Zikiruka juu dakika unayofungua programu kisha zikashuka, ni kawaida. Msimbo wa programu mpya nao huhesabiwa humo. Zikibaki makumi au mamia kwa dakika kadhaa, nawe hujafungua chochote kipya, basi makundi ya kurasa hayaenei kwenye RAM yako. Kama safu hiyo iko karibu na sifuri na mashine bado imeganda, tatizo lako liko kwingine, pengine diski yenyewe imeanza kuchoka, na hapo nakili mafaili yako muhimu kabla ya jambo lolote.

Nikiangalia 3.6 kati ya 3.9, sidhani kama ni kwingine. Kwa kazi unazozitaja, GB 4 ni kidogo. Siku ukiwa tayari kununua, una njia mbili, na watu wengi hukimbilia RAM. Mimi kwa mashine yenye diski ya kuzunguka huanza na SSD. Hii ni diski isiyozunguka, haina bamba wala kichwa. Ukurasa mmoja huletwa kwa takriban milisekunde 0.1, hata ikiwa ni ile ya kawaida ya SATA inayoingia palepale ilipokaa diski yako ya inchi 2.5. Zile kurasa 51,200, hata zikija mojamoja, ni sekunde 5 badala ya dakika 15. Kutapatapa kunabaki, ila hakuonekani sana, na kuwasha mashine, kufungua Excel, kila kitu kinabadilika. RAM itakayoongezwa itapunguza safari. SSD inafupisha kila safari, pamoja na zile ambazo RAM haiziondoi.

Utasikia kwamba pagefile.sys inaiua SSD kwa kuiandika kila mara, kwa hiyo liondolewe humo. Mwaka 2009, wakati Windows 7 inatoka, Microsoft walieleza kwamba katika data walizokusanya, kusoma kutoka pagefile.sys kulizidi kuandika kwa takriban 40 kwa 1, na kwamba kusoma kwingi kulikuwa kwa vipande vidogo, theluthi mbili visivyozidi KB 4. Kusoma vipande vidogo vilivyotawanyika ndiyo kazi ambayo SSD inaipenda kuliko zote, na kusoma hakuichoshi. Liache faili huko huko, tiki ya otomatiki irudi, na ile hesabu yetu ya 5800 na 11600 uisahau. Kutawanyika kwa vipande hakuisumbui SSD.

RAM ije ya pili. Kwenye Task Manager, ukurasa wa kumbukumbu, kuna mstari wa "Slots used". Ukisoma 1 of 2, una nafasi wazi ya kuongeza kipande cha GB 4 na ukafika 8. Ukisoma 2 of 2, vitatoka vyote viwili au kimoja kibadilishwe. Angalia kwanza aina: DDR3 na DDR4 haziingiliani hata kwa nguvu, mkato wa pini uko mahali tofauti, na kompyuta mpakato hutumia vipande vifupi, siyo vile virefu vya mezani. Baadhi ya mashine RAM imechomelewa kwenye ubao na hakuna cha kuongeza. Hizo ziishie kwenye SSD. Ukifungua mfuniko wa chini uhakikishe kwa macho, chomoa chaja na betri kwanza, na ushike kipande kwa kingo zake.